Sauti ya Mama Iliyobaki Njombe

Makambako,
Jumapili, 11 Februari 2024

Kaka yangu Laurenti,

Kamwene. Pokea salamu zetu, wewe, wifi Prisila na wanangu wote. Sisi tupo, tunasimama. Mume wangu Timoth ameondoka juzi na lori la mbao kwenda Tunduma. Jasmine ametimiza miezi minne na hataki kulazwa chini, kwa hiyo haya nayaandika nikiwa nimesimama kwenye meza ya cherehani, yeye yuko mgongoni ananivuta nywele.

Mama anaendelea. Tundu la shingoni nalisafisha asubuhi na jioni kama walivyonielekeza hospitalini. Kidonda kimefunga vizuri. Sauti ndiyo hakuna kabisa, hata ya kunong'ona. Akitaka kitu anagonga kikombe, kisha anaandika kwenye daftari. Usishangae kupata barua wakati simu ninayo. Ni agizo lake. Ameandika, nakunukulia: "Mkipigiana simu mimi nabaki nje. Andikianeni, nami nisome." Basi ujue kila utakachoandika atakisoma kabla yangu.

Sasa neno lenyewe. Zile siku tatu kabla hajapasuliwa, alipokaa kwako sebuleni akaongea mbele ya kompyuta yako ikimrekodi, mimi nilikuwa nimelazwa na mimba. Najua kwa kusimuliwa tu kwamba alisema na kila mtu kwa jina lake, mimi, wewe, wajukuu, na kwamba alimwimbia huyu aliyekuwa tumboni wimbo wa kumbembeleza kwa Kibena. Hadi leo sijausikia. Jasmine naye hajawahi kusikia sauti ya bibi yake, na hataisikia kwingine isipokuwa humo.

Nimempa kondakta wa basi la Njombe flashi mpya. Nakili sauti zote humo, umrudishie. Ni kazi ya nusu saa.

Mdogo wako,
Flora


Njombe,
3 Machi 2024

Mdogo wangu Flora,

Salamu za baridi na mvua isiyokoma. Nyumbani wazima. Prisila anamsalimu sana Mama, anasema viazi vya kule juu vimestawi. Shuleni nimeongezewa darasa la sita pamoja na uhasibu wa jumuiya, hata muda wa kukata kucha sina.

Barua yako nimeipata na flashi nimeiona. Nikutoe wasiwasi. Kompyuta ipo mezani chumbani kwangu, nimeifunika kitambaa, ina neno la siri nilijualo peke yangu, na watoto hawaigusi. Vitu vya Mama vimo vyote. Sioni sababu ya kuvihamisha huku na huko kama ndizi za sokoni. Flashi zina virusi, na wewe unakaa jirani na steshenari, kesho utasikia sauti ya Mama inapigwa dukani watu wakisubiri fotokopi.

Pasaka nitakuja na kompyuta yenyewe. Mtasikiliza mkiwa mmekaa, kwa heshima.

Kaka yako,
Mwl. Laurenti


Makambako,
14 Aprili 2024

Kaka Laurenti,

Kamwene huko. Jasmine ameota jino la kwanza kwa homa na kilio cha siku nne. Timoth alirudi, akalala siku mbili, akaondoka. Mama alivaa kitenge chake kipya tangu asubuhi ya Pasaka akaketi mlangoni. Saa kumi jioni alikivua mwenyewe, akakikunja.

Hukuja. Ulimpa kondakta flashi. Nilishukuru, nikakimbia nayo kwa Hyasinta mwenye steshenari, tukaifungua, Mama amesimama nyuma yetu ameshika kiti. Ina nyimbo kumi na nne za kwaya yenu. Sauti ya Mama haimo. Kaka, hukukosea. Mtu hakosei mara kumi na nne.

Hyasinta aliponiona nachomoa flashi akanisimulia lililompata yeye. Kompyuta yake ya kwanza ilizima kama taa mwaka juzi, umeme ulirudi kwa nguvu ukaiunguza ndani. Humo mlikuwa na picha za marehemu mume wake, zote, alikuwa amezihamisha kutoka kwenye simu ili simu ipate nafasi. Sasa anayo moja, ya kitambulisho, amekodoa macho. Tangu siku hiyo kila Ijumaa kabla ya kufunga duka ananakili kila kitu mara mbili, nakala moja inabaki dukani na nyingine anaipeleka nyumbani. Hilo analiita bakapu. Akaniambia, "Dada Flora, kitu kilichoko mahali pamoja tu, hesabu kwamba hakipo."

Nikakumbuka mbegu za Mama. Wewe ni mkubwa, unakumbuka kuliko mimi. Mahindi ya mbegu alikuwa akiyagawa, nusu anayatundika juu ya moshi jikoni, nusu anampelekea Mama Mdogo kule Kidugala, na Baba alikuwa anamcheka kwamba anawalisha panya wa watu wawili. Mwaka jiko lilipoungua tulipanda mbegu ya Kidugala. Wewe mwenyewe ulitumwa kuibeba.

Hilo nilimwambia Mama, akacheka kwa mabega. Kisha akaandika neno ambalo sikulielewa: "Mwambie asiogope." Sijui uogope nini. Flashi haiumi.

Nairudisha kwa kondakta yuleyule. Nimefuta kwaya.

Flora


Njombe,
2 Juni 2024

Flora,

Tunatoa viazi, mgongo umekufa, kwa hiyo nitaandika kwa kifupi. Nyumbani wazima.

Barua zako zinanichosha. Mimi ni mkubwa wako na ni mwalimu. Kompyuta nilianza kuitumia wewe ukiwa bado unakariri jedwali la kuzidisha, na hata kidato cha nne chako tunajua kilivyoishia. Leo unanifundisha kutunza kitu kwa maneno ya mama wa fotokopi. Mama alizungumzia kwangu, kwenye kompyuta yangu. Kama angetaka vitembee angesema.

Na nikuulize, mnachotaka ni sauti, au mnataka kujua nani alisemwa nini? Kuna mambo mzazi anaongea akiwa na hofu ya kisu. Siyo kila jambo ni la kuenezwa.

Flashi yako nimemrudishia kondakta, tupu. Usinitumie tena.

Laurenti


Makambako,
20 Julai 2024

Kaka,

Salamu. Baridi ya mwezi huu imemwingia Mama kifuani. Hewa inapita tunduni bila kupoza wala kupasha, inaingia kama ilivyo. Namfungia kitambaa, nachemsha maji chumbani. Anakula uji.

Kuhusu kidato changu cha nne, ni kweli kiliishia pabaya. Lakini kukuomba kitu mara tatu hakuhitaji cheti.

Nikwambie jambo moja tu. Jana Jasmine alilia sana. Mama akaninyooshea mikono, nikampa. Akamweka begani, akamsogezea mdomo sikioni, midomo ikawa inatembea, nikajua anauimba ule wimbo. Palitoka pumzi peke yake, tena haikutoka mdomoni, ilitoka shingoni. Mtoto akashtuka akageuka kutafuta upepo unatoka wapi, akashika kitambaa akakivuta.

Mama alinirudishia mtoto. Hakuandika kitu siku nzima.

Sitaki kujua nani alisemwa nini. Kama kuna la kukuhusu, liache huko huko. Ninakuomba wimbo mmoja. Nakili huo peke yake.

Flora


Njombe,
25 Agosti 2024

Mdogo wangu Flora,

Nimeielekeza barua hii steshenari kwa Hyasinta, siyo nyumbani. Isome ukiwa peke yako. Tafadhali Mama asiione.

Sijui nianzie wapi. Wiki mbili zilizopita kompyuta ilianza kujizima, inawaka hadi nusu, inarudi mwanzo. Nikaipeleka kwa fundi Edward pale karibu na stendi. Akasema mfumo umeharibika, inabidi apige Windows upya. Akapiga. Nilipoirudisha nyumbani, eneo lile nilipokuwa nimeweka vitu vya Mama ni jeupe. Nilikuwa nimeviweka palepale mbele, kwenye uso wa kompyuta, nivione kila ninapoiwasha. Kumbe kinachokaa pale hufutwa pamoja na mfumo. Sikujua. Nani alijua.

Vyote vimekwenda, Flora. Na wimbo.

Nakuomba kitu kimoja kama ndugu. Mwambie Mama kompyuta iko kwa fundi. Si uongo mkubwa, ilikuwa kweli kwa fundi. Ana umri na ana kifua. Hii habari itamuua, na wewe hutapenda iwe imepitia mkononi mwako.

Kaka yako,
Laurenti


Makambako,
8 Septemba 2024

Laurenti,

Tuko wazima. Salamu zimeishia hapo.

Alhamisi nilifunga cherehani, nikamwacha Mama kwa Hyasinta, nikapanda gari kuja Njombe na mtoto mgongoni. Sikupita kwako. Nilikwenda kwa fundi Edward. Ni kijana mpole, alinipa kiti. Nikamuuliza kama vitu vinaweza kurudi. Akaniambia siku ile ile ulirudi kwake ukitaka vitu vyako, akajaribu kwa programu anayoijua, akatoa vipande visivyofunguka. Alikuwa ameshaandika vipya juu ya vya zamani.

Nikamuuliza swali moja zaidi: huwa humuulizi mteja kama kuna kitu anakitaka kabla ya kufuta? Akasema anauliza kila mtu, maana alishawahi kupigwa kwa ajili hiyo. Akasema wewe pia alikuuliza. Kompyuta iliwaka kwa muda mfupi, akataka kujaribu spika kwa faili la kwanza aliloliona, na pale dukani palikuwa na watu, mmoja mwalimu mwenzako. Ukamshika mkono. Ukamwambia, "Usifungue chochote. Futa vyote."

Vyote. Ulikuwa na dakika moja ya kusema ngoja kwanza.

Basi mfumo haukufuta kitu, wala umeme. Ulifuta wewe kwa mdomo wako, ukaja kuniandikia kwamba hukujua. Hicho kitambaa cha kufunikia kompyuta kilikuwa cha nini? Neno la siri lilikuwa la nini? Ulimfungia nani mlango? Kuanzia sasa Jasmine ana bibi asiye na sauti na mjomba mwenye sauti isiyo na kazi.

Mama sijamwambia. Siyo kwa kukuhurumia. Nimekupa hadi mwisho wa mwezi wa kumi uje useme mwenyewe, umesimama mbele yake, kama alivyosimama yeye nyuma ya kiti akisubiri flashi yako ya kwaya.

Flora


Njombe,
27 Oktoba 2024

Flora,

Nimefika stendi mara mbili kuja huko. Mara ya pili nilikata na tiketi. Nilishuka kabla gari halijaondoka.

Nitakwambia, kisha ufanye utakavyo, ila Mama asiisome hii. Nayo nimeielekeza kwa Hyasinta.

Baada ya yeye kulazwa nilisikiliza sehemu yangu. Nilidhani ni baraka. Alianza kwa kunitaja jina, akasema kwa Kibena, taratibu, kama anavyopepeta: "Laurenti, mwezi wa tano nilikuonyesha shingo. Nilikwambia chakula hakipiti. Ukaniambia tutoe viazi kwanza. Tukatoa viazi. Ukaniambia tusubiri bei. Sasa wanakwenda kunikata sauti, na nataka ujue kwamba nilihesabu wiki." Ndivyo alivyosema. Wiki tisa. Nilizima hapo. Sikuweza kuendelea, na tangu siku ile sikuifungua tena.

Sasa umeelewa. Nikinakili kwenye flashi, utasikia. Timoth atasikia. Mtoto akikua atasikia. Ningekupa wimbo peke yake, lakini ungeuliza sehemu yangu iko wapi. Ikibaki pale mezani nilikuwa naweza kuishi nayo, ni mimi na yeye. Na yule kijana aliponyoosha kidole kujaribu spika, faili lililokuwa mbele lilikuwa langu. Sikufikiria wimbo. Nafsi yangu ilinituma vile, mdomo ukasema vile.

Niite utakavyoniita.

Laurenti


Makambako,
Jumapili, 17 Novemba 2024

Kaka Laurenti,

Kamwene. Mvua za kwanza zimenyesha, watu wanapanda. Jasmine anatembea kwa kushika ukuta. Timoth yupo nyumbani wiki hii na anakusalimu. Hyasinta ameongeza mashine ya pili.

Mwezi wa kumi ulikwisha hukuja. Siku iliyofuata nilimpa Mama barua zako mbili za mwisho, zile ulizosema asizisome. Uliniomba nidanganye. Nilikunyima hilo, nikaona adhabu hiyo inakutosha.

Alizisoma amekaa kitandani, polepole, kidole chini ya mstari. Nilisimama na beseni mkononi, nilidhani atazidiwa. Hakuzidiwa. Alipofika pale uliposema ulizima, alirudi nyuma akapasoma tena, akagonga kikombe. Nikampa daftari. Akaandika:

"Hakufika mwisho?"

Nikamwambia hapana Mama, hakufika.

Akaandika kwa muda mrefu. Kwamba baada ya kuhesabu wiki aliomba maji, wifi Prisila akamletea, akanywa, akaendelea. Kwamba hayo ya wiki aliyasema kwanza ili yatoke njiani. Kwamba baada ya maji alikwambia amekusamehe, hana kinyongo, alikuwa anakujua tangu mdogo kuwa mzito wa kuondoka na si mbaya wa moyo, na akakubariki wewe na wanao mmoja mmoja kwa majina, kwa baraka ile aliyotuachia Baba alipokuwa akifa. Alitumia karibu robo saa. Yale ya wiki hayakufika dakika moja.

Umesikiliza dakika moja, kaka, ukafuta robo saa.

Usije ukafikiri nafurahi. Nilimpigia Mama magoti. Nilimwambia, Mama, basi liandike tena hilo la kusamehe, nimpelekee kwa kondakta leo hii, ni mwanao. Alishika kalamu. Jasmine akaja akamshika goti, naye bado ameshika kalamu. Mwisho akafunga daftari, akaandika juu ya jalada, mahali pa jina la somo:

"Nilishasema."

Sikumlazimisha. Ana haki ya kutosema mara mbili.

Sasa kuna jambo moja, halafu nimalize, uji unachemka.

Hyasinta alinishauri nipekue simu yangu ya zamani, ile iliyopasuka kioo. Nikakuta ujumbe wa sauti alionitumia wifi mwezi wa saba mwaka jana. Anaongea habari za vitambaa vya sare ya kwaya, na nyuma yake Mama anasikika yuko jikoni kwenu, anasema, "Prisila, funika chungu hicho, mbwa anaingia. Na huyo mbwa mwambie Laurenti amfunge." Sekunde kumi na moja. Sauti yake ileile, ina kicheko kwa ndani. Hakuna wimbo. Hakuna jina la mtoto. Chungu na mbwa.

Niliupiga ujumbe huo Mama akiwa amekaa na Jasmine mapajani. Mtoto aliposikia aliacha kila kitu. Akaitazama simu, akaipigapiga kwa kiganja, akacheka, akataka tena. Nikapiga tena. Mama akamgusa bega, akajinyooshea kidole kifuani, ni mimi, ni mimi. Mtoto alimtazama, akarudi kwenye simu. Akakibusu kioo.

Nimenakili siku hiyohiyo. Moja ipo kwenye mashine ya Hyasinta, na kila Ijumaa inakwenda naye nyumbani. Moja nimeipeleka Kidugala kwa Mama Mdogo, palepale palipokaa mbegu. Moja ipo kwenye flashi, nimeishonea mfuko ndani ya begi la kliniki la mtoto.

Ya nne ni yako. Ni ile flashi uliyonirudishia na kwaya. Ipo kwenye droo ya cherehani, imeandikwa jina lako. Sitampa kondakta. Sitakutumia kwa simu, na wifi nimemwomba asikutumie, ameahidi. Ukiitaka utaifuata, utaketi mbele yake, utasikiliza hadi mwisho. Ni sekunde kumi na moja tu, hata wewe utafika.

Akitaka kukuandikia kitu atakuandikia. Asipotaka utarudi Njombe na mbwa wako.

Mama amesoma barua hii kabla sijaifunga. Nilimwachia nafasi hapa chini na kalamu juu yake. Amenirudishia kalamu.

Mdogo wako,
Flora